Bweni la wasichana kupewa jina la Bibi Titi: mjumbe wa bodi anasema hawezi kuweka saini kwa "mhaini"

MwalimuWaZamu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada, tena wa haraka, maana kikao ni wiki ijayo.

Nafundisha historia kwenye sekondari moja ya kata mkoani Pwani. Bweni jipya la wasichana, ambalo wazazi wamelichangia mpaka wamechoka, hatimaye limeezekwa, rangi imepigwa, limebaki jina tu. La zamani linaitwa Kilimanjaro na la wavulana linaitwa Serengeti, kama nusu ya shule za nchi hii. Nikapendekeza hili jipya liitwe Bibi Titi Mohamed. Nilitegemea makofi. Huku ni Pwani, na Rufiji alikokuwa mbunge si mbali.

Mjumbe mmoja wa bodi, mzee mstaafu, mtu ninayemheshimu kwa sababu ndiye aliyehangaikia mbao za paa mpaka zikapatikana, akasimama taratibu akasema: "Mwalimu, kesi ile inatangazwa redioni mimi nilikuwa kijana, nasikia kwa masikio yangu. Yule mama alitiwa hatiani kwa kutaka kumpindua Nyerere. Alisamehewa, sawa, lakini anayesamehewa ni mkosaji. Watoto tutawaambia nini?"

Nikamjibu kwamba mjini Dar es Salaam kuna barabara kubwa ina jina lake, inapita Mnazi Mmoja, kila mtu anaiona. Akaniambia, "Barabara zetu zina majina mengi, mwalimu." Watu wakacheka, hoja yangu ikafa pale pale. Mama mmoja mjumbe akadakia, "Na tena alipenda mali, alikataa Azimio la Arusha kwa ajili ya nyumba zake." Mwenyekiti akaahirisha.

Kwenye kitabu ninachofundishia Bibi Titi ana sentensi moja: aliongoza wanawake wa TANU. Ukifungua ukurasa unaofuata hayupo, na hakuna anayesema kaenda wapi. Sasa nataka kujua kesi ile ilisimama juu ya nini hasa, na huo mzozo wa nyumba ulikuwaje. Msiniletee ushabiki wa chama wala wa dini, nawaomba sana. Nawasilisha.

Kichwa_Ngumu

Mwalimu, mzee wako yuko sahihi na usimzunguke. Hii haikuwa kesi ya kuviziana gizani. Ilisikilizwa Mahakama Kuu, hadharani, siku 127. Washtakiwa walikuwa na mawakili. Jaji akaandika hukumu, akampa kifungo cha maisha. Leo mtu anafungua uzi anataka tuseme hayo yote hayakuwepo kwa sababu mama aliimba vizuri 1955?

Kama unataka mwanamke wa TANU, liite Lucy Lameck. Alipigania uhuru, akawa mbunge, akawa waziri mdogo, na hakuna siku alipandishwa kizimbani. Kuna ubaya gani?

ShahidiWaPili

Mwalimu, nimefanya uwakili kwa muda mrefu na kesi hii nimeisoma, iko kwenye vitabu vya kesi za Afrika Mashariki za 1971 kwa jina la Mattaka na wenzake. Nitakueleza ninavyoiona, kisha mpime wenyewe.

Wote walikuwa saba: Gray Mattaka, John Chipaka, Eliya Chipaka, Bibi Titi, Michael Kamaliza aliyekuwa Waziri wa Kazi na kiongozi wa NUTA (chama cha wafanyakazi), William Chacha na Alfred Milinga. Baadhi yao walikuwa maofisa wa jeshi. Mwanamke alikuwa mmoja tu. Aliyetajwa kuwa kichwa cha mpango hakuwepo: Oscar Kambona, aliyekuwa Katibu Mkuu wa TANU, aliondoka nchini Julai 1967 na alikuwa London. Walikamatwa Oktoba 1969, kesi ikaanza Juni 1970, hukumu ikatoka 1971. Bibi Titi akapata maisha, 1972 Nyerere akamsamehe akatoka.

Sasa ushahidi. Hakuna risasi iliyopigwa, hakuna kikosi kilichotoka kambini. Uhaini wa kula njama hauhitaji hayo, kisheria maneno na makubaliano yanatosha, kwa hiyo hilo peke yake halimwokoi mtu. Lakini maana yake ni kwamba kesi nzima ilikaa juu ya nani alimwambia nani nini, barua gani ilitoka wapi, na nani wa kuaminiwa. Na nguzo kubwa ya upande wa mashtaka ilikuwa mtu mmoja, Potlako Leballo, kiongozi wa PAC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, aliyekuwa anaishi hapa uhamishoni. Yeye alijifanya mwenzao kwenye mpango huku habari akizipeleka serikalini. Shahidi wa namna hiyo ni shahidi halali. Ila ukiniuliza mimi niliyesimama mbele ya majaji wengi, mkimbizi wa kisiasa anayekula na kulala kwa hisani ya serikali, halafu anatoa ushahidi dhidi ya maadui wa serikali hiyo hiyo, lazima umsikilize ukiwa umekunja uso.

Kwa upande wa pili, nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa mahakama ya maigizo. Aliyeisikiliza, Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mtu wa Karibiani, hakuwa mtu wa kupangiwa hukumu. Baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Zimbabwe, kisha Bahamas. Na jambo ambalo watetezi wa Bibi Titi hawapendi kulisikia: serikali ilikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962. Ingetaka ingemfungia hata miaka kumi bila kumpeleka popote, kama ilivyowafanyia wengine. Ikachagua mahakama ya wazi, ambako ingeweza kushindwa. Na kwa mmoja ilishindwa kweli, Milinga aliachiwa.

Kumbukeni pia Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwaje. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalikuwa bado yako vichwani, Rais akiwa amejificha na askari wa Kiingereza ndio waliokuja kuyazima. Nkrumah wa Ghana alishapinduliwa Februari 1966. Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, anauawa hapa hapa mjini kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi. Serikali iliyoona hayo, ikisikia Kambona anaandikiana barua na watu waliowahi kuwa viongozi na wengine wenye vyeo jeshini, haikai kusubiri.

Kwa hiyo akiniuliza mzee wako, "Alitiwa hatiani?" namjibu ndiyo. Akiniuliza, "Una hakika alitaka kumpindua Nyerere?" namjibu kwamba nina hakika alikuwa na hasira na alikaa na watu wenye hasira. Zaidi ya hapo siendi.

Bint Kariakoo

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi.

Mimi si msomi wa historia wala wakili. Nimezaliwa Kariakoo, nimelelewa kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mwana lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, kabla hajawa mwana TANU. Naomba nianzie huko, kwa sababu naona humu mnaanzia 1969, utadhani mama wa watu alizaliwa siku aliyokamatwa.

Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Juni ile akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wetu: wanawake wenu wako wapi? Wakatazamana. Schneider Plantan, mmoja wa watu wa TANU, akaenda kwa Boi Selemani, dereva wa teksi, kumwomba mkewe. Boi alikuwa na kadi namba 15, mkewe akapewa namba 16. Mkewe ndiye huyo Titi binti Mohamed. Hajafika miaka 30, elimu yake ya msingi tu, sauti inavuka mitaa mitatu, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Hakwenda kuhutubia kwanza. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, mmoja baada ya mwingine, akiwa na wenzake kama Tatu binti Mzee. Wasomi wakati ule waliona lelemama ni kukata viuno. Lakini kikundi cha lelemama kilikuwa na kila kitu ambacho chama kinahitaji: mwenyekiti, mweka hazina, michango isiyokosa, sare, wajumbe wa kupitisha habari nyumba kwa nyumba, na ushindani wa roho mbaya. Kikundi cha Egyptian wakisikia wenzao wa Alwatan wamechukua kadi, usiku huo hawalali. Ndani ya miezi michache wanawake wakawa maelfu, na wanaume wa TANU wakabaki kuhesabu.

Babu yangu alikuwa karani wa serikali, na watumishi wa serikali walikatazwa kuingia TANU. Kwa hiyo mle ndani mwenye kadi alikuwa bibi. Kadi za kugawa alizipitisha chini ya mchele, kwenye ungo uliofunikwa kanga, mpita njia anaona mama wa watu anapeleka chakula matangani. Babu alijua, hakuuliza. Bibi alikuwa akisema siku za mkutano Titi ndiye anapanda kwanza, anawachemsha watu mpaka vumbi linatimka, kisha ndiyo anamkaribisha Nyerere anayeongea kwa utulivu wake. "Yule kijana wa shule asingesikika," alikuwa anasema, "kama Titi hajawanyamazisha watu." Anatia chumvi, najua, bibi yangu alikuwa na chumvi yake. Ila walioshuhudia wengi wanasimulia hivyo hivyo.

Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa 1962. Akawa mbunge, akawa waziri mdogo.

Haya, nyumba. Yule mama mjumbe aliyesema alipenda mali, mwulize kama anaijua nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo. Baraza mbele, ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, uani jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Kwa mwanamke asiye na cheti, aliyeolewa mdogo na kuachika, ile nyumba ndiyo pensheni, ndiyo bima, na ukiniruhusu nitasema ndiyo mume. Bibi yangu aliishi kwa kodi ya vyumba vinne mpaka Mungu alipomchukua. Hakuna aliyemwita bepari.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na masharti ya viongozi: usiwe na hisa kwenye kampuni, usiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, usipokee mishahara miwili, usiwe na nyumba ya kupangisha. Na mume au mke anahesabika humo humo. Kwenye karatasi ni masharti ya haki kabisa, na mimi Azimio silitukani, lilinisomesha. Lakini pimeni. Kiongozi mwenye shahada akiachia nyumba yake, shahada anabaki nayo, kesho atakuwa balozi au meneja wa shirika la umma. Titi akiachia nyumba anabaki na nini? Kuimba? Akakataa, akajiuzulu nyadhifa zake chamani, waziwazi. Wengine, na Dar es Salaam nzima inajua, waliandikisha nyumba kwa majina ya shangazi, mashemeji na watoto wachanga, wakaendelea kuitana ndugu.

Kichwa_Ngumu

Bi Mkubwa umeandika vizuri mpaka nimeiona hiyo ukumbi. Lakini umeruka kitu.

Mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Azimio, Bibi Titi aligombea ubunge Rufiji akashindwa. Si Nyerere aliyemtoa, si Leballo. Wapiga kura wake. Mkulima wa Rufiji hakuwa na chumba cha kupangisha, alikuwa na mafuriko na ngedere. Kiongozi akishakuwa mtu wa mjini mwenye nyumba za kodi, anaanza kusikia vibaya anachosema mtu wa bonde. Azimio liliandikwa kwa ajili ya ugonjwa huo hasa. Huwezi kusimama jukwaani miaka sita unawaambia watu tutagawana sawa, siku ya kugawana unasema changu hakimo.

Na kusema wengine walidanganya hakumfanyi yeye kuwa sahihi. Mwizi asiyekamatwa ni mwizi wake mwenyewe.

Bint Kariakoo

Mwanangu (nakuita hivyo kwa sababu unaandika kama mwanangu wa mwisho), hilo la 1965 ni kweli, na uchaguzi ule uliwaangusha wengi, hata Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha aliangushwa kwao Mwanza. Hatujasikia mtu akisema Bomani alipoteza uzalendo wake. Alipewa kazi nyingine, akaendelea.

Na mimi nina la kukuuliza. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar, enzi za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, ikayalegeza masharti yale yale. Kiongozi kupangisha nyumba, ruksa. Hisa, ruksa. Mishahara miwili, ruksa. Mwaka huo huo nchi inatimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama likamtoa Bibi Titi kama shujaa wa kupigania uhuru. Sawa, tushukuru. Lakini kati ya 1967 na 1991 ni muda gani? Alipokataa alikuwa msaliti, chama chenyewe kilipokataa ikaitwa mabadiliko ya wakati. Sijasikia aliyekwenda nyumbani kwake kumwambia, "Dada, ulitutangulia."

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi, hata bibi yangu aliyempenda alisema hivyo. Mtu aliyezoea kushangiliwa na uwanja mzima halafu akanyang'anywa uwanja, anaweza kukaa na watu asiopaswa kukaa nao. Hapo nakubaliana na wakili kabisa.

Kitu kimoja nilikuwa sitaki kukisema lakini nakisema. Alipotoka gerezani 1972 marafiki wengi walimkwepa. Ndoa nayo ilishavunjika. Bibi yangu alikuwa mmoja wa waliokwepa. Alikuwa akienda sokoni anazunguka mtaa wa pili asikutane naye. Mtu waliyeimba pamoja, waliyebebeana watoto. Aliogopa kwa sababu babu alikuwa bado ana kazi. Walikuja kusalimiana baada ya miaka, kwenye maulidi ya mtu, na Titi ndiye aliyeanza kunyoosha mkono. Akamwuliza habari za watoto kwa majina, mmoja mmoja. Bibi alirudi nyumbani akalala na kanga usoni mpaka magharibi.

Mpita Njia 54

Mnazunguka tu. Alifungwa kwa sababu alikuwa Muislamu mwenye sauti. EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ilipigwa marufuku mwisho wa 1968, mwaka uliofuata yeye yuko ndani. Waasisi wa TANU wa Dar es Salaam karibu wote wamefutwa kwenye historia ya chama, kina Abdulwahid Sykes na wenzake. Unganisheni nukta.

ShahidiWaPili

Mpita Njia, la kufutwa kwenye vitabu ni dai zito na lina haki ya uzi wake, mimi mwenyewe nitachangia. Lakini kwenye kizimba kile soma majina: Mattaka, Chipaka wawili, Kamaliza, Chacha, Milinga. Wengi wao Wakristo. Na Kambona aliyetajwa kuwa kichwa alikuwa mtoto wa kasisi wa Kianglikana. Kwenye kesi hii nukta zako haziungani.

Mpita Njia 54

Kwenye kesi sawa. Kwenye vitabu je?

ShahidiWaPili

Kwenye vitabu uko sahihi. Fungua uzi.

Mkulima wa Utete

Mimi nimechelewa, mtandao wa huku mnaujua. Nataka kumjibu Kichwa_Ngumu kidogo tu kwa sababu amewataja wakulima wa Rufiji na mimi ni mmoja. Baba yangu alipiga kura 1965. Alinisimulia kwamba kilichosemwa kwenye vilinge wakati ule si nyumba za kupangisha. Kilichosemwa ni kwamba mwanamke amezidi kusafiri, na atatuongozaje wazee wa misikitini. Sasa kama hiyo ndiyo hukumu ya watu wa bonde, mimi mtu wa bonde siionei fahari. Wengine watakuwa walikuwa na sababu nyingine, mimi nasema ya nyumbani kwetu.

Ngedere ni kweli lakini.

Kichwa_Ngumu

Mkulima, hapo umenifunga mdomo kwa hilo moja. La mahakama bado nimelishikilia. Na kwa nini Lucy Lameck hakuna anayemtetea humu? Au kwa sababu hakufungwa hana hadithi?

MwalimuWaZamu

Wakuu, kikao kimekaa jana. Narudisha majibu kama nilivyoahidi.

Niliuchapa mchango wa wakili na wa Bint Kariakoo kwenye karatasi, majina yenu nikayatoa, nikawapa wajumbe wote siku mbili kabla. Mzee mstaafu alikuja amepigia mistari kwa wino mwekundu. Alinyamaza mwanzo wote. Ilipofika zamu yake hakuzungumzia kesi hata kidogo. Akauliza, "Huyu Leballo, baadaye alikuwaje?" Nikamwambia chama chake mwenyewe kilisambaratika kwa ugomvi na kilimwondoa kwenye uongozi. Akaandika kitu pembeni, hakutusomea.

Kisha akasema atakubali jina kwa sharti moja. Siku ya kufungua bweni wasichana waelezwe yote: ngoma, kadi, uwaziri, nyumba, kesi, kifungo, msamaha. Yasifichwe, na asije mgeni rasmi akawasomea sifa tupu za dakika tano. "Mkiwaficha," akasema, "siku moja mtoto atakuja kuniuliza mimi, na mimi nitamwambia ninavyojua." Yule mama aliyesema alipenda mali akapinga kwamba wasichana wa kidato cha kwanza hawawezi kuelewa mambo ya uhaini. Mzee akamjibu kwamba wanaelewa mambo ya kupanga chumba, waanzie hapo. Sikutegemea kuyasikia kwake.

Tukapiga kura. Jina limepita, si kwa wingi sana. Mama yule hakubadilika na ni haki yake. Mwenyekiti naye, kwa kupoza, akasema bweni litakalofuata liitwe Lucy Lameck, kwa hiyo Kichwa_Ngumu anza kuchanga, mfuko wa saruji unaujua bei yake.

Sasa nimebakiwa na kazi ya kuandika maelezo ya kuwasomea, ukurasa mmoja na nusu, na mzee ameomba ayaone kabla. Nyumba na ngoma nitaandika kwa kumtegemea Bint Kariakoo, kama ataniruhusu kuitumia ile ya ungo wa mchele. Kwenye kesi naogopa kukosea. ShahidiWaPili, unaweza kunipatia nakala ya hukumu yenyewe? Mzee anataka kuisoma kwa macho yake, si kwa maneno yangu.

Na fundi wa maandishi anauliza Mohamed inaandikwa kwa m moja au mbili. Mjini nimeziona zote.

Bint Kariakoo

Ungo utumie. Usiweke jina la babu, alikuwa mtumishi wa serikali mpaka mwisho.

M moja.

ShahidiWaPili

Nakala ninayo, imechakaa na ukurasa wa mwisho umeliwa na mchwa, lakini hukumu inasomeka. Nitumie anwani kwa ujumbe wa faragha. Mwambie mzee asiharakishe sehemu ya Leballo.